Mpishi Aliyesalimisha Kambi

Risala ya kumpokea Isdori niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukiuliza habari za mapokezi yale, nusu ya Mpui watakwambia hawakuwepo, na waliobaki watakwambia walisimama nyuma kabisa. Mimi nilikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, na karatasi mkononi. Neno "shujaa" lilikuwemo mara kumi na moja. Mathias, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliisoma kwanza, akasema yanatosha, ila niongeze moja mwishoni ili watu wajue pa kupiga makofi.

Isdori tulimfahamu tangu utotoni. Baba yake alilima mahindi na ulezi kama baba zetu wote. Yeye akaenda Sumbawanga mjini, akajifunza upishi katika hoteli moja, kisha akapata kazi kwenye kampuni iliyoshinda zabuni ya kulisha kambi za kulinda amani. Wakampeleka nchi ya ng'ambo ya ziwa, ambako vita vilikuwa vimekwisha mara nne na kuanza mara tano. Hapa aliwaacha mkewe Hilaria na watoto wawili.

Kosa lilikuwa picha. Baada ya miezi mitatu alimtumia Hilaria picha amevaa kofia ya chuma, aliyoiazima kwa askari mmoja, kama vijana wanavyoazima miwani ya jua studio. Hilaria akamwonyesha jirani, jirani akamwonyesha Mathias, na kufikia Jumapili Mpui ikawa na mwanajeshi wake vitani. Hilaria alijaribu kueleza kwamba mume wake ni mpishi. Wakamwambia wake za wanajeshi hufundishwa kusema hivyo.

Kisha redio ikatangaza kwamba mji uliokuwa karibu na kambi ya Isdori umeanguka, kambi zake zote zimetekwa, na walinda amani wanashikiliwa. Tulimwombea Isdori kanisani Jumapili nne mfululizo. Jumapili ya tano ikaja simu kwamba yuko hai, amevushwa mpaka, anakuja. Mathias alikuwa anakabiliwa na uchaguzi mwaka huo. Siku hiyohiyo akaagiza maturubai.

Isdori alishuka kwenye basi la kutoka Tunduma saa nne asubuhi, amekonda, amevaa sweta la msaada lililoandikwa jina la chuo fulani cha Ulaya. Aliona maturubai, akaona watoto wa shule wamejipanga, akamwuliza kondakta nani amefariki. Tukampeleka mbele. Niliisoma risala yangu. Watu walipiga makofi palepale Mathias alipotaka. Halafu Mathias akampa kipaza sauti aseme maneno machache.

"Nashukuru," Isdori alisema. "Ila mimi si mwanajeshi, ni mpishi. Na kule hatukushinda, tulishindwa. Kitambaa cheupe cha kusalimisha kambi nilikiinua mimi."

Mathias akachukua kipaza sauti haraka, akasema ndugu wananchi, mmesikia unyenyekevu wa shujaa. Makofi yakalia. Isdori akasubiri yaishe, akainyoosha shingo kuelekea kipaza sauti kilichokuwa bado mkononi mwa mwenyekiti.

"Hakuna aliyeniagiza," alisema. "Nilichagua mwenyewe. Wapo watu wengi hawakufa kwa sababu hiyo. Na wapo wawili walichukuliwa kwa sababu hiyohiyo, hawajaonekana tena. Yote hayo ni yangu."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Adolfu, ambaye ndiye mwanakijiji wetu pekee aliyepigana vita vya Uganda, na ambaye kila sherehe huwekewa kiti chenye kitambaa, aliinuka akaondoka bila kuaga. Watoto wa shule wakaimba wimbo wao wa shujaa hadi mwisho kwa sababu walikuwa wameufanyia mazoezi wiki nzima na mwalimu wao, yaani mimi, sikujua namna ya kuwanyamazisha.

Yaliyotokea kambini alinisimulia baadaye, alasiri moja tukiwa tunapukuchua mahindi kibarazani kwake. Nayasimulia kama nilivyoyasikia.

Kambi yao ilikuwa juu ya kilima nje ya mji. Askari walikuwa themanini na kitu, wa mataifa matatu, chini ya meja mmoja. Waasi walipouchukua mji, watu kama arobaini, wengi wao wanawake na watoto, walikimbilia kambini, wakawekwa kwenye stoo ya chakula. Siku ya pili kilima kikazingirwa. Meja akapiga simu makao makuu kuomba maelekezo. Makao makuu wakasema washikilie hapohapo wakati maelekezo yanaandaliwa. Siku ya tatu mabomu yakaanza kuanguka karibu na uzio, na makao makuu wakaomba ripoti ya maandishi. Maofisa wakajifungia katika hema la mikutano kuiandika. Isdori aliwapelekea chai mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wanabishana kama waandike "tumezingirwa" au "tumebanwa," kwa kuwa aliyezingirwa ana haki ya kuomba msaada na aliyebanwa hana. Mara ya pili walikuwa bado kwenye neno hilo.

Aliporudi jikoni alimkuta mwanamke mmoja kutoka stoo amekuja kuomba maji. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akamwuliza Isdori wanasubiri nini. Isdori akasema maelekezo. Ya nani? Ya wakubwa.

"Na wewe ni askari?" mwanamke akauliza.

"Hapana. Mpishi."

"Sasa wewe unasubiri maelekezo ya nani?"

Isdori aliniambia kwamba alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa. Msimamizi wake wa kampuni alikuwa amepanda ndege wiki mbili kabla. Meja hakuwa bosi wake. Kati ya watu wote pale kilimani, yeye peke yake hakuwa na mtu wa kumwamuru. Alisema hakufurahi kuligundua hilo. Alijisikia kama mtu aliyeamka akakuta nyumba haina ukuta mmoja.

Bomu likaanguka nyuma ya stoo. Halikuua, lakini lilibomoa kona. Isdori akapunguza moto chini ya sufuria la maharage, akaenda kwenye hema la kulia chakula la maofisa, akachukua kitambaa cha meza, cheupe, chenye doa la chai. Akakifunga kwenye mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa watu mia, akapanda kwenye mnara wa tangi la maji, akasimama. Wote wa nje na wa ndani wangeweza kumpiga risasi. Kapteni mmoja akatoka hemani, akamwamuru ashuke mara moja. Isdori akamjibu kwa adabu kwamba yeye si wa kwake. Kapteni akashika bastola, akaiangalia, akarudi hemani kuuliza.

Nilimwuliza Isdori alikuwa anawaza nini kule juu. Nilitegemea jambo kubwa. Alisema mikono ilichoka, na alihofia maharage yataungua.

Baada ya robo saa hivi milio ikakoma. Waasi wakaingia getini wakicheka. Askari wakaweka silaha chini, wengine wakilia, na sajini mmoja akamtemea Isdori mate kifuani. Wanawake na watoto wakaachwa waende. Lakini miongoni mwa waliokuwa stoo walikuwemo wanaume wawili, kinyozi na mdogo wake, ambao waasi waliwatambua kwa majina. Wakawapakia kwenye gari. Kinyozi alimwangalia Isdori wakati gari linaondoka.

Isdori na askari walishikiliwa kwenye jengo la shule wiki tatu, kisha wakavushwa mpaka. Huko ikakaa tume ya uchunguzi. Tume haikuweza kumfunga kwa sababu si askari, na haikuweza kumsifu kwa sababu si askari. Isitoshe ingebidi ieleze jinsi kambi nzima ilivyosalimishwa na mpishi. Kwa hiyo ripoti ikaandika kwamba kitambaa kilichokuwa kimeanikwa baada ya kufuliwa kilitafsiriwa vibaya na adui. Wakampa Isdori atie sahihi. Akasema hakikufuliwa, kina doa. Wakaipeleka ripoti bila sahihi yake.

Ndivyo alivyofika kwetu. Na sisi, lazima nikiri, hatukuwa wabaya. Tulitaka kumsaidia. Kila mmoja alimletea kisingizio chake kama watu wanavyopeleka unga msibani. Mathias alikuja na wazo kwamba kulikuwa na amri ya siri kutoka juu ambayo Isdori haruhusiwi kuitaja, na kama angekubali kunyamaza tu, kijiji kingemwelewa. Muuguzi wa zahanati alisema milio ya mabomu huvuruga akili, mtu akafanya vitu asivyovijua, na cheti angeweza kumwandikia. Katekista alisema mkono ule uliinuliwa na Mungu. Nami nilijaribu, kwa lugha ya kisomi zaidi. Nilimwambia mazingira yalimlazimisha, kwa hiyo kusema kweli hakuwa na jinsi.

"Mwalimu," alinijibu, "mkinipa sababu hizo zote, mimi nabaki na nini? Nimefanya kitu kimoja tu maisha yangu yote bila kuambiwa na mtu. Vingine vyote niliambiwa. Kwenda hoteli niliambiwa na baba, kwenda kambini niliambiwa na kampuni. Hata kuoa niliambiwa."

Hilaria alikuwa anapepeta maharage hatua tatu kutoka pale tulipokaa. Aliacha kupepeta, akaingia ndani na ungo wake. Mimi nikakumbuka kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Kilichofuata kati yao nilikipata kwa mke wangu Kristiana, ambaye Hilaria humweleza mambo. Walipokuwa shambani siku iliyofuata, Hilaria alimwambia kwamba anayeyabeba maneno ya watu ni yeye mkewe. Yeye ndiye anayesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga wakati wanawake wanapunguza sauti. Akamwomba tu aseme hakuwa na jinsi. Maneno matatu, na maisha yangeendelea. Isdori akakataa. Ndipo akamwuliza:

"Ulipokuwa juu kule, ulitufikiria? Mimi na watoto?"

"Hapana."

Hilaria alipalilia matuta mawili. Kisha akamwambia kwamba uhuru wake huo, kama ndio jina lake, ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, ila risasi ingewapata wawili, maana yeye Hilaria angebaki mjane. Isdori akasema ni kweli. Hakujitetea. Kristiana anasema Hilaria alikasirika zaidi kwa kukosa mtu wa kubishana naye.

Basi kijiji, kilipokataliwa shujaa, kikaamua kuwa na msaliti. Ilikuwa rahisi, watu walewale, viti vilevile. Kilabuni ikasemwa kwamba aliiuza kambi. Darasa jipya la shule, lililokuwa lipewe jina lake, likaitwa Darasa la Tano B. Mzee Adolfu alikwenda kwake siku moja na fimbo yake, nikafikiri anakwenda kumpiga. Alikaa saa nzima. Nilimwuliza Isdori alitaka nini. Akasema mzee alianza kwa kumkaripia kwamba amewavunjia heshima waliopigana kweli. Kisha akaanza kuuliza vitu vidogo. Tangi lilikuwa na urefu gani. Kapteni alikuwa umbali gani. Mwishoni akauliza inakuwaje mtu kukataa amri, maana yeye alitii zote, na zipo mbili ambazo mpaka leo angependa kujua kingetokea nini. Hakuzitaja ni zipi. Aliondoka, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana njiani, Isdori akimpa shikamoo na mzee akiitikia bila kusimama.

Mwezi wa tano ng'ombe wa Enock waliingia kwenye mahindi ya Mathias.

Enock alihamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa miaka kumi na miwili iliyopita, akajenga nje ya kijiji, upande wa kuteremkia Milepa. Analima kama sisi, ila ana ng'ombe wengi kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja, na hilo ni kosa ambalo hakuna mkutano uliowahi kulijadili wazi. Asubuhi hiyo Mathias aligonga kengele ya kijiji. Tulipokusanyika tulikuwa wanaume kama arobaini, wenye mapanga, mashoka na mikuki miwili ya urithi. Mathias akasema uvumilivu umefika mwisho, kijiji kimevamiwa, na sasa hatuna jinsi. Kisha macho yake yakamtafuta Isdori. Miezi miwili alikuwa msaliti, lakini siku hiyo Mathias alihitaji mtu aliyeona vita, na akasema Isdori atangulie mbele, huu ndio wakati wa kujisafisha.

Isdori akauliza ni nani amekwenda kuzungumza na Enock. Hakuna aliyekuwa amekwenda.

"Basi mimi siendi," akasema.

"Unaogopa?" Mathias akauliza.

"Naogopa, ndiyo. Lakini mwenye woga naye anaweza kwenda, hapa wapo wengi. Mimi siendi kwa sababu sitaki."

Halafu akachukua jembe lake akaenda shambani kuvuna maharage. Hakutuhutubia, hakutuzuia njia. Nakumbuka niliudhika. Angetuhutubia, ningepata sababu ya kumpuuza.

Nami nilikwenda. Nilibeba panga la shule, lile la kufyekea uwanja. Kwenye shule alibaki Meshack, fundi seremala, akikumbuka kwamba ana mteja. Kwenye njia panda waliondoka sita kwa pamoja. Walisema watapita njia ya chini kumzunguka adui. Hawakuonekana tena hadi jioni. Kwenye daraja la miti mmoja alikuwa na mguu unaouma, mwingine alikuwa na ndugu anayemsindikiza mwenye mguu. Kila aliyebaki aliangalia aliye mbele yake. Mathias hakuweza kurudi kwa sababu yetu, na sisi hatukuweza kurudi kwa sababu ya Mathias. Tulifika kwa Enock tukiwa kumi na mmoja.

Enock alikuwa amesimama uani. Akasema karibuni. Mkewe Rahel akatoa mabenchi. Enock akamwambia Mathias kwamba tangu alfajiri anampigia simu, haipatikani. Ng'ombe walikata kamba, wamekula matuta kadhaa, na anaomba radhi. Kama mwenyekiti ataridhia, atampa mtamba mmoja. Mathias akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imezimwa. Rahel akaleta maziwa kwenye vikombe vikubwa, na kwa kuwa huwezi kupokea kikombe kwa heshima ukiwa na panga, tuliyaweka mapanga yetu chini ya mabenchi, polepole, kama watu wanaovua kofia kanisani. Yalikuwa maziwa mazuri. Nilipokuwa nakunywa niliona watoto wa Enock wanatuchungulia kutoka nyuma ya nyumba, wawili kati yao ni wanafunzi wangu. Mmoja akaniamkia. Nikaitikia.

Tuliporudi, Mathias alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akatangaza kwamba operesheni imefanikiwa na mvamizi amesalimu amri. Watu wakashangilia, hasa wale sita wa njia ya chini. Kristiana aliniuliza nyumbani kwa nini nilikwenda na panga kwa wazazi wa wanafunzi wangu. Nikamwambia hatukuwa na jinsi. Akaendelea kukoroga uji. Mpaka leo ninaposimama mbele ya darasa na watoto wale wawili wakanyoosha mikono, huwa nawachagua wengine.

Ushindi ule ulibaki na kasoro moja, kwamba mtu mmoja alikuwa amekataa kwenda mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, na hakikumpata kitu. Hilo lilitusumbua zaidi ya ng'ombe. Kwa hiyo tukamtafutia sababu. Ndani ya siku mbili ikajulikana kila mahali kwamba alizuiwa na mke wake. Hilaria alimwambia akienda asirudi, na maskini wa Mungu afanye nini? Watu wakaanza hata kumwonea huruma. Mathias akamsalimia barabarani.

Habari ilimfikia Hilaria kwenye mashine ya kusaga. Kristiana alikuwepo, na Coleta, mke wa Mathias, ndiye aliyeianzisha, kwa wema kabisa. Alimwambia Hilaria mbele ya foleni nzima kwamba wamemwelewa, mwanamke yeyote angefanya vile, na kwamba alifanya vizuri kumzuia mumewe, kwa kuwa mwanaume yule hajitambui tangu arudi.

Kristiana anasema wote walisubiri. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, pana, imefagiliwa. Hilaria angeitikia tu na angerudi kuwa mmoja wao.

Hilaria akashusha ndoo yake ya mahindi kichwani.

"Sikumzuia," alisema. "Nilikuwa shambani, sikujua lolote mpaka alipokuja na jembe. Alikataa mwenyewe. Na kule kambini hakuzuiwa wala hakutumwa, aliamua mwenyewe, bila kunifikiria mimi. Mimi sijamsamehe hilo. Lakini uamuzi ni wake, msimnyang'anye."

Coleta akasema hakuwa na nia mbaya. Hilaria akasema anajua. Akasogeza ndoo mbele kwa mguu, kwa kuwa zamu ilikuwa yake, na mwenye mashine akavuta mkanda, injini ikawaka, na hapakuwa tena na mtu aliyeweza kumsikia mwenzake.